Saa Nane na Dakika Thelathini na Saba

Septemba 3. Nairobi hadi Narok

Tumeanzia Langata. Mpwa wangu ameshangaa, maana mimi nakaa Umoja na yeye Kasarani, na Langata haiko njiani kwa yeyote kati yetu. "Shangazi, safari gani hii ya kuanza kwa kuzunguka?" Nimemwambia aendeshe tu. Julie Ward, yule Mwingereza aliyeuawa porini, alikuwa akikaa huku Langata, kwenye kiwanja cha watu aliofahamiana nao, na huku ndiko alikotoka siku za mwanzo za Septemba 1988 kwenda hifadhi ya Maasai Mara. Nyumba yenyewe sikuitafuta. Tumesimama kando ya barabara dakika tano, malori yakitutimulia vumbi, kisha tukashika bypass.

Nieleze kwanza mimi na habari hii tunahusiana vipi, nisije nikaonekana mdaku. Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Kesi ya Julie Ward haikupita mikononi mwangu hata siku moja. Lakini alipopotea nilikuwa na miaka 24, yeye 28, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kufundishwa kwamba neno moja likifutwa kwenye faili mtu anaweza kufungwa, au asifungwe. Nikaanza kukata vipande vya magazeti. Nimevikata miaka yote hiyo. Faili limenenepa hadi kamba haifungi. Mwaka 2023 niliposikia baba yake, John Ward, amefariki, nilijiambia nikistaafu nitaipita njia ile kwa macho yangu, tarehe zile zile.

Mpwa wangu anaendesha watalii. Hii ni wiki yake ya kupumzika na amenipa gari kwa bei ya jamaa, yaani mafuta na chakula chake. Alikuwa hajazaliwa mwaka 1988. Jina la Julie Ward analijua kama madereva wote wa Mara wanavyolijua, neno la kusemwa jioni wageni wakishalala.

Kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu tumepita kile kikanisa kidogo walichojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia, wakati wakikata barabara hii. Bonde limefunguka chini yetu, Longonot upande mmoja, Suswa mbele. Nimemsimulia mpwa wangu habari kwa mpangilio, kama tunavyosomea jaji mwenendo wa kesi.

Julie alikuwa Mwingereza wa Bury St Edmunds, Suffolk. Aliacha kazi kwenye kampuni ya uchapishaji akaingia Afrika kwa barabara, kwa lori la wasafiri, mwaka huo huo wa 1988. Alipenda kupiga picha za wanyama. Miezi yake Kenya ilikuwa inakwisha na tikiti ya kurudi kwao ilikuwa ya tarehe 10 Septemba. Kabla ya kuondoka alitaka kuwaona nyumbu wakivuka. Akaenda Mara na rafiki, mwanasayansi kutoka Australia, kwa gari dogo la Suzuki.

"Suzuki zile fupi?" mpwa wangu akauliza. Nikamwambia zile zile. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa mgonjwa ana sukari.

Narok tumefika saa saba. Mji umekua kuliko akili yangu ilivyouacha. Nimelala mapema, lakini kabla ya kulala nimelifungua faili.

Kitu cha kwanza kuchomoza si cha Julie. Ni kipande cha mwanzo wa 1988, uchaguzi wa mlolongo. Vijana hawaamini wakisimuliwa. Wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, kila mtu akaona foleni ipi ndefu na ipi fupi, kisha msimamizi akaandika kwamba ya fupi ndiyo imeshinda. Sijui kwa nini nilikiweka faili moja na Julie. Au najua. Ndio mwaka tuliojifunza kwamba jicho na karatasi vikigombana, karatasi ndiyo inayoaminiwa.

Septemba 4. Narok hadi Talek

Barabara ya kwenda Sekenani, geti la hifadhi, siku hizi ni lami. Wakati ule ilikuwa mashimo na vumbi, gari likifika salama watu wanapongezana. Sasa unateleza tu, ng'ombe ndio wanaokupunguza mwendo.

Tumekunywa chai Ewaso Ng'iro kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mabati. Alipoona faili langu akadhani nimekuja mambo ya mashamba, uso ukakauka. Nilipomweleza akacheka kidogo.

"Yule mzungu? Tulikuwa wasichana. Ndege zilipita juu ya mbuzi wetu mchana kutwa."

Nikamuuliza watu walisemaje wakati huo.

"Walisema baba yake ana ndege." Akamimina chai kutoka juu hadi ikatoa povu. "Sisi pia hupotelewa, mama. Ila hatuna ndege."

Sikuwa na jibu. Hata sasa ninapoandika sina. Nimelipa chai na mandazi manne, mpwa wangu akala matatu.

Talek jioni: umeme, mapikipiki, muziki, fisi kwa mbali.

Septemba 5. Talek hadi Pembetatu

Ili kuingia Pembetatu ya Mara, sehemu ya magharibi ya hifadhi, ukitokea Talek, unakata hifadhi nzima kwenda kusini, unafika daraja la Purungat karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, unavuka Mto Mara, kisha unapanda tena kaskazini. Ndiyo njia tuliyoshika leo, na kesho tutairudi, kwa sababu Julie alitokea upande ule.

Septemba nyumbu wamejaa. Ukiangalia bonde unadhani limemwagiwa pilipili manga. Kwenye mto tumekuta magari kama arobaini yamepanga pua kwenye ukingo, yote yanamsubiri nyumbu mmoja aamue. Redio ya mpwa wangu inaongea bila kukoma, madereva wanaelekezana kwa lugha yao ya mafumbo ili wageni wasielewe: masharubu wako huku, masharubu wako kule. Nikajiuliza swali ambalo bila shaka kila anayekuja huku na habari hii kichwani hujiuliza. Mtu anapoteaje mahali pa macho mengi hivi?

Mpwa wangu akanijibu bila kuambiwa. "Sasa kuna redio, shangazi. Na simu. Wakati huo ukitoka kwenye njia, umetoka."

Saa kumi tukapita chini ya kilima kilichobeba Mara Serena. Bei yake si ya pensheni, kwa hiyo tumepiga hema kwenye kambi ya karibu. Hapo hotelini ndipo Julie alipokwama. Suzuki iliharibika, pampu ya mafuta. Yule rafiki akapanda ndege kurudi Nairobi kwa sababu alikuwa na kazi, yeye akabaki na gari akisubiri litengenezwe. Jambo la kawaida kabisa. Nani kati yetu hajawahi kubaki na gari bovu huku wenzake wakitangulia? Nimelitazama lile jengo juu ya kilima, taa zake zikiwaka moja moja, na kilichonijia kichwani ni aibu ndogo ndogo za msafiri aliyeachwa peke yake: kula peke yako, kuulizwa na kila mhudumu gari limefika wapi, kuhesabu pesa zilizobaki.

Mpwa wangu amekagua tairi la akiba, amekagua jeki, amekagua maji. Kisha amekagua tena. Sikumwambia kitu.

Septemba 6. Pembetatu hadi Sand River, na kurudi Keekorok

Leo ndiyo siku yenyewe. Niandike polepole.

Tarehe 6 Septemba 1988 ilikuwa Jumanne. Gari limepona. Julie anaondoka Serena kwa shughuli moja, kupitia kambi ya Sand River kuchukua mahema na vitu walivyokuwa wameviacha huko, halafu arudi Nairobi. Zimebaki siku nne tu ndege yake iruke.

Tumeondoka saa mbili na nusu asubuhi. Nilitaka tusikimbie na tusijikokote, twende kama mtu mwenye haja ya kufika. Daraja la Purungat tumelivuka viboko wakikoroma chini. Upande wa mashariki nyasi zilikuwa zimeliwa hadi chini kama zulia kuukuu, na mizoga ya nyumbu waliozama ilikuwa imekwama kwenye mawe, tumbusi wamesimama juu yao kama mawakili nje ya mahakama. (Naomba radhi kwa wenzangu.) Keekorok tumefika kabla ya saa sita, tukanywa soda chini ya mti. Hoteli ya zamani hii, ilitangulia zote humu hifadhini.

Kutoka Keekorok hadi geti la Sand River ni mwendo mfupi, unaelekea kusini na nchi inainuka na kushuka kwa upole. Kwa kuwa nimeisoma njia hii miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimeijengea giza kichwani, misitu na makorongo ya kutisha. Sivyo. Ni nzuri. Migunga imejitenga mmoja mmoja, twiga wawili, upepo. Nimekasirika kidogo kwamba ni nzuri.

Mto wenyewe ni kama jina lake, mchanga mpana na uzi wa maji katikati. Ng'ambo ni Tanzania, Serengeti. Simu yangu ilipata mtandao kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ikalia: Karibu Tanzania. Nilikuwa bado nimesimama Kenya.

Getini palikuwa na askari kijana, na mwingine mtu mzima kidogo ndani ya kibanda. Tukasalimiana kwa Kimaasai. "Supa." "Ipa." Mpwa wangu akaonyesha risiti zetu. Nikauliza kama kuna daftari la wageni.

"La nini, mama? Tumeshaona risiti."

"Nataka tu kuandika."

Yule mtu mzima akatoka. Alinitazama, akatazama faili kwapani mwangu, na nadhani akaelewa, maana hakuuliza tena. Akaleta kaunta-buku lenye jalada gumu, kona zimelika. Safu za kawaida: tarehe, jina, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.

Daftari kama hili ndilo lililobeba kesi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za geti, Julie aliondoka Sand River saa nane na dakika thelathini na saba mchana. Baada ya dakika hiyo hakuna mtu aliyejitokeza kusema kwa uhakika alimwona akiwa hai. Na baba yake alishikilia mpaka mwisho kwamba sahihi iliyo kwenye daftari si ya binti yake.

Msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi ya makaratasi anaweza kuliona hili jambo dogo. Sahihi tu. Mimi nimewaona watu wakiweka sahihi kwa ajili ya wengine maisha yangu yote, mara nyingi kwa wema au uvivu. Mgeni ana haraka, karani anamjazia. Askari anasahau, jioni anajaza safu zote kwa kalamu moja na kwa saa za kukisia. Nimelifanya mwenyewe nikiwa kijana, Mungu anisamehe. Kwa hiyo sahihi isiyo yake peke yake haimwambii hakimu nani aliua. Ila inamwambia kwamba ile saa nane na dakika thelathini na saba, saa ambayo kila mtu ameijengea nyumba juu yake, huenda haina msingi. Kama hakusaini yeye, alitoka saa ngapi? Na alipotoka, nani alikuwa anaendesha?

Nimeandika jina langu. Kwenye safu ya saa ya kutoka nikamwomba mpwa wangu atazame saa yake, si simu, kwa kuwa simu ilikuwa tayari inatupa mambo ya Tanzania. Saa nane na dakika thelathini na moja. Nikaandika hivyo hivyo, nikaweka sahihi.

"Wengi huja?" nikamuuliza yule askari mtu mzima.

"Zamani zaidi. Baba yake alikuja sana."

Ndivyo. John Ward alikuwa mtu wa hoteli kwao Uingereza, na anasemekana kuja Kenya zaidi ya mara mia moja kwa ajili ya jambo hili moja, akitumia karibu pauni milioni mbili. Nimejaribu kuifikiria safari ya mia. Ya kwanza unakuja na hasira. Ya kumi unawajua maafisa wa uhamiaji kwa sura. Ya mia, sijui. Labda unakuja kwa sababu kutokuja ndiko kungekuwa kufiwa.

Tukageuza gari. Nimeitazama saa njia nzima kama mwendawazimu. Julie alipotoka kwenye geti hili alikuwa na mwanga wa jua wa saa nne hivi. Alikuwa na gari lililotoka kutengenezwa. Mbele yake, mwendo mfupi tu, Keekorok yenye wahudumu, kuni na wageni waliokuwa wakisubiri chai ya jioni. Sisi tumeifikia saa tisa na dakika sita, tukiwa tumesimama mara mbili, mara ya kwanza kupisha tembo na ya pili kwa sababu niliomba.

Hapo Keekorok mtandao wa nyumbani ukarudi na simu ikalia mfululizo. Ujumbe tano kutoka kwa binti yangu. Umefika? Mama? Uko wapi? Mbona hupatikani? Wa tano ulikuwa namba ya dereva, ameitafuta mwenyewe kwa shangazi zake. Tulikuwa tumekosa kupatikana kwa saa tatu na nusu.

Nikamwandikia kwamba nimefika.

Septemba 7. Keekorok hadi Narok

Usiku sikulala vizuri, kwa hiyo nimalize mambo ya faili, kisha niseme ya mzee.

Julie hakurudi Langata. Wenzake wakaanza kuulizia, habari ikafika Suffolk, baba akapanda ndege. Zikakodiwa ndege ndogo za kutafuta. Tarehe 13 Septemba, wiki moja baada ya ile saa ya daftari, rubani akaliona gari limekwama korongoni, na juu ya paa kumeandikwa kwa tope herufi za kuomba msaada. Siku hiyo hiyo, mbali na gari, yakapatikana majivu ya moto, na penye majivu kipande cha taya na sehemu ya mguu.

Mamlaka zikasema ni wanyama.

Daktari aliyechunguza kwanza aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ikapita kwa mkubwa wake, na ilipotoka maneno yalikuwa yamebadilishwa, sasa inasomeka kama kazi ya meno. Wataalamu wa Uingereza walipoangalia mabaki wakarudi pale pale kwa daktari wa kwanza. Mabadiliko yale yalifichuka mahakamani, wakati wa uchunguzi wa chanzo cha kifo, na Oktoba 1989 hakimu wa Nairobi akaamua kwamba Julie Ward aliuawa. Siku ile kwenye ofisi yetu karani mkuu, mzee aliyekuwa hasemi siasa hata akilewa, aliweka gazeti mezani akasema, "Kumbe hakimu bado anaweza kusoma."

Sababu ya kuwasingizia wanyama haikuwa siri. Utalii ulikuwa umepanda hadi kuongoza katika kuleta fedha za kigeni. Majangili walikuwa wanaua tembo na faru, na Agosti 1989 George Adamson, yule mlezi wa simba, akapigwa risasi kule Kora. Mgeni aliyeliwa na simba ni ajali ya porini. Mgeni aliyeuawa na binadamu ni vitanda vitupu hotelini. Nimesikia pia minong'ono mingine ya miaka ile, ya wakubwa na watoto wa wakubwa. Sitaiandika. Minong'ono si ushahidi, na huu ndio ukarani ulionibakia.

Mwaka 1990 wapelelezi wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, walikuja. Wakenya walilizoea jina hilo mwaka ule, maana walikuja pia kwa ajili ya waziri Robert Ouko, ambaye mwili wake ulipatikana Februari umechomwa chini ya kilima cha Got Alila, na serikali ikaanza kwa kusema amejiua. Moto tena. Ukiyaweka majalada hayo mawili kando kwa kando unaona mwandiko unafanana, nasema mwandiko wa kuficha, sisemi wa kuua.

Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa, wakaachiliwa huru mwaka 1992, jaji akisema upelelezi uwatazame wengine. Aliyekuwa mkuu wa walinzi akashtakiwa baadaye, naye akaachiliwa 1999. Majina yao ninayo na siyaweki hapa, kwa kuwa mahakama ikishasema mtu hana hatia sina kalamu ya juu yake. Mwaka 2004 huko Ipswich, Uingereza, mahakama ya uchunguzi ilitamka kwamba aliuawa kinyume cha sheria, na polisi wa Uingereza wenyewe wakawa wameshachunguza jinsi maafisa wa serikali yao walivyoliendesha jambo hili, wasiridhike. Kwa hiyo watu wasije wakadhani kuficha ni ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Basi, mzee. Mpwa wangu anafahamiana na mzee mmoja wa upande wa Sekenani, amechunga maeneo ya mpakani tangu utoto. Tumemkuta chini ya mti na rungu lake, redio ndogo sikioni. Nimemwita mzee, ameniita dada, ingawa nadhani ananizidi miaka ishirini. Nilimwuliza habari ya wanyama kula mtu.

Hakujibu haraka. Aliinuka akatupeleka hatua kama hamsini, akatuonyesha kwa rungu kitu cheupe kwenye nyasi. Nilidhani ni chokaa.

"Mavi ya fisi," akasema. "Unajua kwa nini ni meupe?"

Nikasema sijui.

"Mifupa. Fisi hula mfupa wote. Anavunja, anameza, kwato pia." Akakipondaponda kile kitu kwa rungu, kikawa unga. "Wangekuwa fisi, baba yake asingepata hata huo mguu. Wale waliosema wanyama hawajachunga hata siku moja."

Mpwa wangu akauliza kuhusu moto wa nyasi. Labda ulipita tu, kama inavyotokea wakati wa kiangazi.

"Moto wa nyasi unakimbia, kijana. Unachoma mkia wa kobe, unaenda zake. Mfupa unataka kuni, na mtu wa kukaa kuzichochea."

Akakaa tena, akaiweka redio sikioni. Nilimwuliza kama mwaka ule polisi walikuja kumuuliza haya. Akasema walikuja watu wengi, wenye magari mengi, wakauliza kama amemwona mzungu. Alisema hapana, kwa kuwa hakumwona, wakaandika, wakaondoka.

"Hawakuniuliza habari za fisi," akasema.

Nimelifungua faili palepale juu ya boneti ya gari, nikachukua karatasi tupu, nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa tarehe, mahali na saa. Nikamsomea. Alinisahihisha mahali pamoja: si kwato pia, ni kwato kwanza. Nikasahihisha mbele yake. Sikufuta neno la zamani, nimelipiga mstari mmoja wa kusomeka, nikaandika jipya juu yake, nikaweka herufi zangu pembeni, kama tulivyofundishwa. Akaweka dole gumba, ingawa hakuna aliyemwomba. Wino tumeutoa kwenye kalamu ya mpwa wangu, umemchafua mzee hadi kiganjani.

Pancha tumepata kabla ya Narok. Tairi la akiba lilikuwa zima.